Macho Yakizama: Kumuuguza Kinyonga Aliyekauka

Kinyonga mzima halali mchana. Taa zikiwaka asubuhi, macho yake huanza kuzunguka, moja likitazama mbele na jingine likiangalia nyuma, na hayatulii mpaka giza liingie. Kwa hiyo Jumapili moja ya Januari, nilipoingia chumbani kwa mwanangu saa tano asubuhi na kumkuta kinyonga wake, Kifaru, amefumba yote mawili, nilijua tuna mgonjwa. Nilimsogelea. Vile vifuko vya ngozi vinavyobeba macho, ambavyo kwa kawaida huwa vimetuna kama mbaazi mbichi, vilikuwa vimebonyea kuelekea ndani. Ngozi ya ubavu ilikuwa na mikunjo, na nilipoibana taratibu kwa vidole viwili ilibaki imesimama. Chini, juu ya karatasi, kulikuwa na kinyesi cha siku ile: ile sehemu ambayo huwa nyeupe kama chokaa ilikuwa ya rangi ya chungwa, kavu, inavunjika kama chaki.

Mwanangu alikuwa amekwenda chuo mji mwingine tangu Septemba akaniachia kazi ya kumtunza. Nilikuwa nikimwekea maji safi kwenye bakuli kila siku, bila kukosa hata siku moja. Bakuli hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na kwa kuwa ni kosa la watu wengi wanaofuga mnyama huyu, nianze nalo.

Kinyonga hajui bakuli. Porini hunywa matone ya mvua na umande yaliyoning'inia kwenye majani. Kinachomwambia kwamba haya ni maji ni kumetameta na kuchuruzika kwake. Maji yaliyotulia hayamwambii kitu, na anaweza kukauka mpaka kufa huku bakuli limejaa kiasi cha mkono mmoja tu kutoka aliposimama. Aliyetuuzia alitupa bakuli hilo pamoja na kizimba na hakusema lolote zaidi. Sisi nasi hatukuuliza.

Kifaru ni kinyonga wa Jackson, dume, mwenye pembe moja puani na nyingine juu ya kila jicho, ndiyo asili ya jina alilopewa na mwanangu. Mtaalamu wa reptilia, Boulenger, ndiye aliyeieleza aina hii mwaka 1896, akaipa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Lakini kwao ni nyanda za juu za Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na upande wa Tanzania ni Mlima Meru, ambako kuna jamii yao yenye maumbo madogo. Mwaka 1972 baadhi yao walifikishwa Hawaii kwa ajili ya biashara, wakaachiwa bustanini, wakazaana mpaka wakawa wakazi wa kudumu, na wengi waliouzwa baadaye Marekani walitokana na hao. Mimi nimezaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Utotoni tulimkimbia kinyonga. Wakubwa walituambia kumgusa ni kujitafutia mkosi, na mtu asiyeaminika tulimwita kigeugeu kama kinyonga. Sasa nilikuwa Toronto, nje theluji, nimemshika mnyama wa mlimani kwetu kwenye kiganja changu nikimwomba Mungu amfumbue macho.

Ninayataja makao yake ya asili kwa sababu ndani yake mna nusu ya tiba. Fikiria asubuhi za mlimani: ukungu, majani yanadondosha maji, jua la wastani, kisha usiku wa baridi na unyevu. Halafu fikiria nyumba ya Toronto wakati wa baridi, mitambo ya kupasha joto inafanya kazi usiku na mchana, midomo yenu wenyewe inapasuka. Siku ile niliweka kipima unyevu ndani ya kizimba kikasoma asilimia 23. Kinyonga wa aina hii anahitaji kati ya 50 na 75 mchana, na zaidi ya hapo usiku. Kila pumzi aliyoitoa ilikuwa inaondoka na maji yake. Ndiyo maana ninasema mjusi aliyekauka humnyweshi tu ukamaliza. Lazima uitazame nyumba anamoishi, la sivyo unajaza mtungi uliotoboka.

Kwanza uzijue dalili vizuri. Macho yaliyozama na ngozi isiyorudi nimeshazitaja. Kuna pia mate: ukimwona anapanua mdomo, na mate yanavutika kama nyuzi za bamia, maji yamepungua sana mwilini. Ulimi nao huanza kukosa windo au hautoki kabisa. Lakini mimi naamini shahidi wa mapema kuliko wote ni kile kinyesi. Mijusi, kama ndege, hawakojoi maji mengi kama sisi. Figo zao hutoa taka kwa umbo la asidi ya yuriki, ule uji mweupe unaotoka pamoja na kinyesi. Maji yakitosha, ni mweupe na laini. Yakipungua huwa wa njano, kisha wa chungwa. Hali hiyo ikiendelea, asidi huganda kwenye figo na viungo, mnyama akapata jongo, na figo zilizoharibika hazirudi zilivyokuwa. Kwa hiyo tandika karatasi nyeupe sakafuni na uitazame kila asubuhi. Kwa geko mwenye madoa ya chui tazama pia mkia, maana ndiyo ghala lake, na ukisinyaa ujue akiba inaisha. Kwa yule mjusi mwenye ndevu kutoka Australia, ambaye watu humdhania hahitaji maji kwa sababu ni wa nchi kame, tazama mikunjo ya ngozi ubavuni na ute wa mdomoni.

Sasa, umemkuta hivyo. Mkono wako utataka kufanya mambo mawili kwa haraka: kumwagia maji mdomoni na kumlisha. Uzuie.

Jambo la kwanza ni joto. Mijusi hawatengenezi joto lao wenyewe. Figo, utumbo na kinga ya mwili vyote vinategemea joto wanalopewa. Ukimnywesha na kumlisha akiwa wa baridi, chakula kitaoza tumboni. Lakini joto likizidi nalo linamkausha, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la pili, kosa la huruma. Desemba niliona anaonewa na baridi, nikambadilishia balbu nikaweka yenye nguvu zaidi. Nilipokuja kuweka kipimajoto pale juu kabisa, mahali mgongo wake unapofika anapoota, kilisoma nyuzi 34. Kinyonga wa Jackson anatosheka na 27 hadi 29 chini ya taa, na 22 hadi 25 kwingineko. Zaidi ya 32 ni hatari kwake. Mjusi mwenye ndevu, kinyume chake, anahitaji mahali pa kuota penye nyuzi 38 au 40. Usikopeshe vipimo vya mnyama mmoja kwa mwingine. Na usipime ukutani; pima pale mwili wake unapokaa. Kwa kawaida huyu wangu usiku hupenda baridi ya nyuzi 15 hivi, ila akiwa mgonjwa sikumwacha ashuke chini ya 20.

Jambo la pili ni hewa. Nilifunika pande mbili za kizimba cha wavu kwa plastiki nzito, nikaacha mbele na juu wazi, nikaongeza mimea halisi, fikasi na hibiskasi, iliyooshwa majani kwa maji mengi kuondoa dawa za wadudu. Usiku niliweka karibu yake mashine ya kutoa mvuke baridi. Mashine hiyo isafishwe kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu maji yanayolala humo huota vijidudu ambavyo ataishia kuvivuta. Wala usikifunike kizimba chote. Hewa yenye unyevu isiyopita huleta ugonjwa wa mapafu, na utakuwa umetoka motoni ukaingia kwenye maji.

Halafu ndiyo maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapomuua mnyama kwa nia njema. Usimfinye mdomo ukampulizia maji kwa bomba la sindano. Tundu la pumzi la mjusi liko wazi kwenye sakafu ya mdomo, na mnyama aliyelegea hana nguvu ya kulifunga kwa wakati. Maji yanaingia mapafuni, na baada ya siku chache unauguza nimonia juu ya kiu. Bomba lisilo na sindano lina kazi moja tu: kuweka tone moja pembeni mwa mdomo, ungoje alilambe, kisha jingine. Asipolamba, acha.

Kinachofaa zaidi kwa kinyonga ni mvua. Siku ile daktari wa wanyama aliyezoea reptilia alikuwa hapatikani mpaka Jumatatu, nikaanzia bafuni. Nilibeba chungu cha fikasi nikakiweka ndani ya beseni la kuogea, nikaziba tundu la maji machafu kwa wavu, nikamweka Kifaru kwenye tawi la katikati. Bomba la mvua nilielekeza ukutani, siyo kwake, ili matone yagonge vigae na kumrudia kama manyunyu. Maji yawe vuguvugu. Ukiyahisi ya moto kidogo mkononi, yanapopita hewani hupoa yakawa sawa. Nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, pembeni kabisa, kwa sababu baadhi yao hawanywi wakitazamwa.

Dakika kumi za kwanza hakufanya lolote. Watu wengi hunyunyiza nusu dakika wakaona mnyama hanywi, wakaacha. Lakini kinyonga huanza kwa kuosha macho. Kifaru aliyavimbisha yale macho yaliyozama, akayazungusha ndani ya vifuko vyake, huku amefumba, kama mtu anayesugua usingizi. Kisha akafumbua la kushoto. Tone moja lilikuwa limening'inia kwenye pembe ya pua. Liliteleza taratibu likafika mdomoni, likasimama. Mdomo ukafunguka kiasi cha unene wa ukucha, ncha ya ulimi ikatoka, koo likapanda na kushuka. Akangoja. Likaja jingine. Nilihesabu mafunda kumi na tisa, na ndoo ilikuwa imeniuma mapaja lakini sikuthubutu kusogea.

Nusu saa inatosha kwa mara moja, mara mbili kwa siku wakati wa ugonjwa. Usimwache peke yake bafuni, na akianza kubadilika rangi kuwa mweusi na kupanua mdomo, ujue ameelemewa, mtoe. Rangi yake si unafiki, kama tulivyofundishwa utotoni. Ni lugha, na mwuguzi anatakiwa kujifunza kuisoma. Weusi mara nyingi ni baridi au hofu, na weupe wa kufifia kwa mnyama asiyelala ni udhaifu. Kwa mjusi mwenye ndevu njia ni nyingine: beseni la maji vuguvugu yasiyozidi viwiko vyake, kichwa kikiwa juu, dakika kumi na tano. Hanywi kwa ngozi, kama wengine wanavyosema. Anakunywa kwa mdomo akishatulia, na mara nyingi huenda haja akishaguswa na maji.

Kizimbani nilichukua kikombe cha plastiki, nikatoboa tundu kwa pini, nikakiweka juu ya wavu ili tone moja lidondoke kila baada ya sekunde moja au mbili kwenye jani lenye mteremko. Chini niliweka chombo cha kupokea maji, na nilikiosha kila jioni. Kikombe hiki sasa ni cha kudumu. Lile bakuli nililitupa.

Jumatatu nilimpeleka. Ikiwa macho yamefumbwa mchana, mnyama hashiki tawi, anapumua kwa mdomo wazi, viungo vimevimba, au ni jike mwenye mimba anayehangaika, usijaribu tiba ya nyumbani hata siku moja zaidi ya hapo. Beba kinyesi kibichi kwenye kichupa chenye kifuniko, picha za kizimba, vipimo vya joto na unyevu, na tarehe uliyonunua taa. Msafirishe ndani ya boksi dogo lenye matundu, ndani ya koti lako kama ni baridi. Daktari alimpima: gramu 84. Septemba mwanangu alikuwa ameandika 101. Kinyesi hakikuwa na minyoo. Alimpa maji yenye chumvi zake chini ya ngozi ya ubavu, kiasi kidogo mno kwa macho yangu. Kiwango wanachokitumia ni mililita 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku; kwa gramu 84 hiyo ni chini ya mililita moja mpaka mbili na nusu, yaani si zaidi ya nusu kijiko cha chai. Ukikijua kipimo hicho utaelewa kwa nini kumsukumia bomba zima la maji ni ukatili. Alinikataza nisimlishe siku ile wala ya pili. Ukiwa mahali pasipo na daktari wa reptilia, hata daktari wa mifugo wa kawaida anaweza kukagua kinyesi na kutoa maji chini ya ngozi, mradi umpe uzito kwa gramu badala ya kukisia.

Katika siku hizo kila aliyepita nyumbani alikuwa na dawa. Jirani mmoja, mama wa Kimombasa ninayemheshimu sana, aliniletea glukosi. Mwingine akasema uji, mwingine maziwa. Nilishukuru nikaviweka kando. Sukari nyingi tumboni huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, kinyume kabisa cha unachokitaka, na maziwa si chakula cha mjusi. Maji safi yanatosha nyumbani. Chumvi na madini mwachie daktari. Zaidi ya yote usiguse kabati la dawa zako wala dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Ivermektini, kwa mfano, inaua kobe, na kwa mijusi ni ya kupimwa na daktari peke yake.

Chakula kilirudi siku ya nne, uji wa mkojo ulipoanza kuwa mweupe. Anza na kidogo: kiwavi mmoja wa hariri, mlaini mwenye maji mengi, kesho wawili. Nyenje waje baadaye, wadogo kuliko upana wa kichwa chake, na walishwe wao kwanza siku nzima kwa sukuma wiki na karoti, kwa kuwa kilicho tumboni mwa nyenje ndicho kinachomfikia mgonjwa. Wapake unga wa kalsiamu usio na fosforasi. Vitamini zenye nguvu tumia kwa nadra. Aina hii hudhurika upesi zikizidi. Nyenje wasioliwa waondoe kabla ya taa kuzimwa, maana usiku humtafuna mnyama dhaifu akiwa hai.

Taa ya miale ya UVB nayo iangalie. Bila miale hiyo hatumii kalsiamu, mifupa inalainika, naye anashindwa kupanda kwenda kunywa. Taa huendelea kuwaka vizuri kwa macho yetu muda mrefu baada ya miale yenyewe kwisha, kwa hiyo ibadilishwe kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na aina yake. Jua la dirishani halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale hiyo.

Nawe ujikinge. Reptilia hubeba salmonela bila kuugua. Mikono kwa sabuni kila baada ya kumgusa, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike. Nilimzuia mjukuu wa jirani mlangoni akalia, na sijuti.

Wasomaji walioko nyumbani, Arusha, Nyeri au Nairobi, wananiuliza kama wanaweza kumchukua kinyonga wa uani wakamfuge. Nawaomba msifanye hivyo. Vinyonga wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuwafuga kunahitaji kibali, na zaidi ya hayo yule wa uani ana mlima mzima wa kumnywesha. Mkimkuta amelegea barabarani, mwinueni kwa fimbo aishike mwenyewe, mpelekeni kwenye kichaka chenye kivuli, mnyunyizie majani maji, mwondoke.

Uzito ndio ulionipa matumaini kabla ya macho. Kila asubuhi kabla ya kula, mizani ya jikoni iliyonunuliwa kwa ajili yake tu, tawi dogo juu yake, na daftari. Siku ya pili 86, ya tatu 85, nikakosa usingizi. Ya nne 88. Usitarajie mbio. Miili yao inakwenda taratibu katika kuugua na katika kupona, na wengine hawaponi: figo zikishaharibika daktari anaweza kukushauri umpumzishe, na ukikubali hujamtupa. Kifaru alifika gramu 97 mwishoni mwa Februari. Daktari alitaka kumwona tena baada ya miezi mitatu kwa ajili ya figo zake, nami nilimpeleka. Mwanangu aliporudi likizo alikuta kikombe chenye tundu juu ya wavu, vipimo viwili vya joto, kimoja cha unyevu, na kwenye fremu ya kizimba, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe ya kubadilisha taa: 14 Julai.